Hali ya Hewa na Hekta za Monaki

Kila mwaka mwezi wa Desemba wapimaji hupanda milima ya Michoacán na ya Jimbo la México, katikati ya nchi ya Mexico, kwenda kupima vipepeo kwa hekta. Kuwahesabu mmoja mmoja hakuwezekani. Vipepeo hao, waitwao monaki, wana mabawa ya rangi ya chungwa yaliyochorwa mistari myeusi. Hufika huko kwa mamilioni, wakajibana kwenye miti ya oyamel, jamii ya msonobari, hadi majani hayaonekani na matawi yanainama kwa uzito, ilhali kipepeo mmoja ana nusu gramu tu. Mpimaji huzunguka kundi zima, akachora mpaka wa miti iliyofunikwa, akapata eneo lake. Eneo hilo ndilo linalotangazwa kwa dunia, na wanasayansi hukadiria kwamba hekta moja hubeba monaki milioni 21 hivi.

Tarakimu za hekta hizo hupanda na kushuka kwa namna ya kutisha. Majira ya baridi ya 1996-97 vipepeo walifunika hekta 18.19. Mwaka 2003-04 zilikuwa 11 na kidogo; mwaka uliofuata zikawa 2.19. Mwaka 2013-14 zilibaki 0.67, kiwango cha chini kabisa tangu upimaji uanze. Baada ya miaka mitano zilipanda hadi 6.05, watu wakashangilia, kisha mwaka 2023-24 zikaporomoka tena hadi 0.90. Ni mnyama gani mwingine ambaye idadi yake inaweza kupungua mara tano kwa mwaka mmoja na kuongezeka maradufu mwaka mwingine?

Jibu limo katika maisha yenyewe ya monaki, maana hakuna kipepeo mmoja anayemaliza mzunguko wa mwaka. Mwezi wa Machi, wale waliokaa Mexico tangu Novemba hupandana na kuelekea kaskazini. Wengi huishia Texas na majimbo ya jirani, wakataga mayai, wakafa. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 300 hadi 500, moja moja, kwenye majani ya mimea ya jamii ya Asclepias, ile inayotoa utomvu mweupe ukiikwanyua. Kiwavi wa monaki hali kitu kingine chochote isipokuwa mmea huo. Watoto wanaozaliwa Texas ndio wanaoendelea hadi Iowa, Minnesota, Wisconsin na Ontario, huko Kanada, nao wakazaa watoto, na watoto wakazaa wajukuu. Kizazi cha mwisho hutoka kwenye pupa mwezi wa Agosti na Septemba, na hicho hakizai mara moja. Siku zinazofupika na ubaridi unaoingia huahirisha uzazi wake. Hunywa maji matamu ya maua, yaani mbochi, hujaza mafuta mwilini, kisha huruka maelfu ya kilometa, wengine 4,000 na zaidi, kwenda kwenye milima ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.

Kwa hiyo hekta zinazopimwa Desemba ni matokeo ya mvua, jua na baridi ya nchi tatu, iliyovipata vizazi vinne au vitano mfululizo. Pigo likitua kwenye kizazi cha kwanza, vyote vinavyofuata huanza na upungufu.

Hakuna mfano unaoonyesha jambo hili vizuri kuliko miaka mitatu ya kuanzia 2011 hadi 2013. Inafaa kuisimulia polepole.

Mwaka 2011 ulikuwa mkavu kuliko mwaka mwingine wowote katika kumbukumbu za Texas. Malisho yaliungua, mifugo iliuzwa kwa bei ya kutupa, na moto wa nyikani uliteketeza nyumba kwa mamia. Monaki wanaoelekea Mexico hawana njia ya kuikwepa Texas; karibu wote wa upande wa mashariki wa bara hilo hupita humo mwezi wa Oktoba. Walikuta maua yamekauka. Kipepeo anayefika mlimani bila mafuta ya kutosha mwilini hana cha kumvusha miezi mitano ya baridi, kwa sababu huko juu chakula ni haba. Majira hayo ya baridi zilipimwa hekta 2.89.

Kisha ukaja Machi wa 2012, Machi wa joto kuliko yote iliyokuwa imerekodiwa Marekani hadi wakati huo. Mtu angedhani joto ni heri kwa mdudu. Monaki walikwenda kaskazini mapema mno, wakifuata joto, na kiangazi kilichowapokea huko kilikuwa cha ukame na jua kali katika majimbo yote ya mahindi. Hapo ndipo kiwavi anapoteseka. Majaribio ya maabara yaliyofanywa na kundi la Karen Oberhauser, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Minnesota, yalionyesha kwamba viwavi huvumilia joto la nyuzi 38 za Selsiasi kwa saa nyingi, ingawa kwa gharama ya kuchelewa kukua. Likifika karibu nyuzi 42 na kurudi siku baada ya siku, hufa kwa wingi, na wadogo ndio wanaotangulia. Mmea nao husinyaa, majani yakawa makavu, maua yakatoa mbochi kidogo, na majike wakataga mayai machache. Desemba ya mwaka huo zilipimwa hekta 1.19.

Mwaka 2013 mambo yakageuka kinyume. Machi na Aprili vilikuwa vya baridi Texas na kaskazini kwake, na siku za kwanza za Mei theluji nzito iliangukia Iowa na kusini mwa Minnesota, wakati ambapo kwa kawaida monaki wa kwanza wanakuwa karibu kufika. Baridi ya namna hiyo haiwaui viwavi wengi moja kwa moja. Inawachelewesha, na kuchelewa huko ndiko kunakoua.

Maelezo yake ni haya. Yai na kiwavi wa monaki hawakui kabisa joto linaposhuka chini ya nyuzi 11 na nusu hivi. Kila nyuzi inayozidi hapo kwa siku nzima huhesabiwa kama hatua moja, na kutoka yai hadi kipepeo zinahitajika hatua 350 hivi. Kipimo hicho kilitokana na kazi ya Myron Zalucki wa Australia, iliyochapishwa mwaka 1982, na bado kinatumika. Sasa piga hesabu. Wastani wa joto ukiwa nyuzi 25, kila siku hutoa hatua 13 na nusu, na kipepeo hutoka baada ya siku 26 hivi. Wastani ukishuka hadi nyuzi 18, kila siku hutoa hatua 6 na nusu, na safari ileile huchukua siku 54. Karibu mwezi mmoja zaidi! Mwezi wa kuwa wazi juu ya jani mbele ya sisimizi, buibui, nyigu na nzi wanaotaga mayai yao juu ya kiwavi ili watoto wao wamle akiwa hai. Hata katika mwaka mzuri, zaidi ya mayai 90 kati ya 100 hayafiki kuwa kipepeo. Mwezi mmoja wa ziada ukiongezwa juu ya hayo, kizazi kizima kinaweza kupotea bila mtu kuona mzoga hata mmoja.

Kiwavi mwenyewe hujitetea kadiri anavyoweza. Ngozi yake ina mistari myeusi, ya manjano na myeupe, na anayekua kwenye baridi hupata mistari myeusi iliyo mipana zaidi kuliko ndugu yake aliyekua kwenye joto. Weusi hunyonya jua, mwili ukapata moto, ukuaji ukaharakishwa kidogo. Ni jambo dogo la ajabu, lakini halikutosha mwaka 2013. Desemba yake zilibaki zile hekta 0.67.

Wapo watu wanaoyajua mambo haya kwa macho yao wenyewe, wala si wanasayansi wa kuajiriwa. Tangu 1997, mpango wa kufuatilia viwavi wa monaki ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Minnesota umewatumia walimu, wastaafu, wakulima na watoto wa shule, ambao kila wiki hukagua mimea ya bustani zao au kando ya barabara, jani kwa jani, wakaandika idadi ya mayai na viwavi. Kazi hii haina sifa kubwa, lakini bila hao watu wa kujitolea hakuna mtaalamu ambaye angeweza kusema mvua ya wiki fulani ilipunguza nini. Mvua kubwa ya kishindo huwaangusha viwavi waliotoka kwenye yai muda mfupi uliopita, wenye urefu wa milimita chache tu. Mvua ya kiasi huinua mimea na maua. Mwaka 2012, Elise Zipkin na wenzake walichapisha uchunguzi uliotumia hesabu za kujitolea kutoka Ohio, wakaonyesha kwamba mvua na joto la Texas katika majira ya kuchipua vina uhusiano na idadi ya monaki watakaoonekana Ohio kiangazi, mbali sana na hapo.

Tukirudi Mexico, hatari huko ni ya aina nyingine. Misitu ya oyamel iko kwenye mwinuko wa meta 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huko ina faida, kwa maana kipepeo aliyepoa hatumii mafuta yake ovyo. Madhara huja pale maji yanapochanganyika na jalidi. Katika vipimo vya Alfonso Alonso, James Anderson na Lincoln Brower, monaki aliye mkavu alivumilia hadi karibu nyuzi 8 chini ya sifuri kabla ya nusu ya kundi kufa; walioloweshwa, nusu yao walikufa kwenye nyuzi 4 tu chini ya sifuri. Ndiyo maana Anderson na Brower waliuita msitu huo blanketi na mwavuli kwa pamoja: huzuia joto lisipotee usiku, na huzuia mvua isimfikie kipepeo. Mti mmoja ukikatwa, blanketi limetoboka.

Januari 2002 mambo hayo mawili yalikutana. Mvua ilinyesha kwa siku kadhaa, kisha mawingu yakaondoka, na usiku mweupe wa baridi kali ukaingia juu ya vipepeo waliolowa. Katika makundi mawili makubwa, Sierra Chincua na El Rosario, robo tatu au zaidi ya vipepeo walikufa. Ardhi ya msitu ilifunikwa na lundo la mabawa. Brower, aliyekuwa amewachunguza monaki tangu miaka ya 1950, hakuwa amewahi kuona maafa ya ukubwa huo.

Lakini Desemba ya mwaka uleule, 2002, wapimaji walipata hekta 7.5.

Tarakimu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini kuliko zote. Baada ya mauaji makubwa kuliko yote yaliyowahi kuandikwa, monaki walirudi ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu waliobaki walikuwa bado wengi, na kaskazini walikuta kiangazi kizuri na mimea tele ya kutagia. Mwaka 2014, baada ya mapigo madogo madogo matatu mfululizo, hawakurudi hivyo. Desemba ya 2014 walifunika hekta 1.13 tu. Hali ya hewa huamua mwaka upi watakuwa wengi na upi watakuwa wachache. Kama pigo litawaangusha tu au litawamaliza, hilo huamuliwa na mwanadamu, kwa ardhi anayowaachia.

Na ardhi hiyo imepungua. Tangu katikati ya miaka ya 1990, wakulima wa mahindi na soya wa Marekani walianza kupanda mbegu zisizodhurika na dawa ya magugu ya glaifoseti. Zamani mmea wa utomvu uliota katikati ya mistari ya mahindi, na jembe halikuweza kuumaliza, dawa iliumaliza. John Pleasants na Oberhauser walikadiria kwamba kati ya 1999 na 2010 mimea hiyo ilipungua kwa asilimia 58 katika majimbo ya kati.

Wataalamu wamebishana kuhusu nani abebe lawama. Mwaka 2021 Erin Zylstra na wenzake walichapisha uchambuzi mpana ulioonyesha kwamba kati ya 2004 na 2018, hali ya hewa ya msimu wa kuzaliana ilikuwa na nguvu karibu mara saba kuliko mambo mengine waliyoyapima katika kueleza mabadiliko ya idadi. Baadhi ya watu waliupokea uchambuzi huo kana kwamba umeifutia dawa ya magugu makosa yake. Sivyo. Kipindi hicho kilianza baada ya sehemu kubwa ya mimea ya mashambani kuwa imekwisha kufutwa. Yaani hali ya hewa ilikuwa inalitikisa kundi lililokwisha kupunguzwa. Anayesema mvua na jua haviko mikononi mwetu, kwa hiyo tukae tu, amezisoma vibaya zile hekta.

Miaka ya karibuni inathibitisha. Mwaka 2018 Texas na majimbo ya kati yalipata majira ya kuchipua na kiangazi cha wastani, na matokeo yake ni zile hekta 6.05. Mwaka 2023 joto na ukame vilirudi kote njiani, Texas ikiwemo, na hekta zikawa 0.90. Ukame ulipolegea mwaka 2024, zikapanda hadi 1.79. Kila mara walipopewa nafuu, waliitumia. Lakini hakuna kilele cha karibuni kilichokaribia zile hekta 18.19 za 1996-97.

Upande wa magharibi wa Marekani kuna monaki wengine, ambao majira ya baridi huyapitisha kwenye miti ya pwani ya California, mikalitusi ikiwemo. Hao hukadiriwa kwa idadi, si kwa hekta, na watu wa kujitolea. Walikuwa milioni 1.2 mwaka 1997. Mwaka 2020 hawakufika 2,000. Mwaka uliofuata walikuwa karibu 250,000, na mwaka 2024 wakaanguka tena hadi 9,119. Kuruka na kuanguka kwa namna hiyo hakuonyeshi afya.

Linalotia wasiwasi zaidi ni kwamba baridi yenyewe, ile ya milimani Mexico, inahitajika. Mwaka 2013 Patrick Guerra na Steven Reppert wa Massachusetts waliwaweka monaki wa msimu wa kuhama kwenye ubaridi kama wa msitu wa oyamel kwa siku 24. Walipowapima uelekeo wao wa kuruka, vipepeo walielekea kaskazini. Wenzao ambao hawakupewa ubaridi waliendelea kuelekea kusini, hata majira ya kuchipua yalipofika. Kumbe baridi ndiyo inayogeuza dira yao. Milima ikipata joto, je, watajuaje wakati wa kugeuka?

Mtaalamu wa misitu wa Michoacán, Cuauhtémoc Sáenz-Romero, ameamua kutongojea jibu. Yeye na wenzake walikadiria kwamba eneo linaloifaa oyamel ndani ya hifadhi ya monaki litakuwa limetoweka ifikapo 2090 kama joto litaendelea kupanda. Kwa hiyo wamekuwa wakiotesha miche na kuipanda juu zaidi, kwenye mteremko wa mlima wa volkano wa Nevado de Toluca, wakisaidiana na wanavijiji. Wanaoipanda leo hawatakuwepo siku vipepeo watakapoihitaji. Ni kazi ya heshima kubwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaye ndugu yake. Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa zenye madoa meupe, huonekana kwenye mashamba na kando ya barabara kuanzia pwani hadi bara, na viwavi wake wenye mistari hula vilevile mimea ya utomvu mweupe. Huku kwetu mkuu wa mambo ni mvua, jalidi ni adimu, na kipepeo huyo huzaa mwaka mzima ikiwa mimea ni mibichi. Hana mlima mmoja ambao usiku mmoja wa baridi unaweza kumtoa roho. Monaki wa Amerika Kaskazini wameweka karibu roho zao zote za upande wa mashariki katika misitu michache ya nchi moja.

Wasikilizaji wetu mnaoishi Houston, Dallas, Des Moines, Minneapolis au Toronto, mko kwenye njia yao. Pandeni mmea wa utomvu wa asili ya mahali mlipo, pamoja na maua yanayochanua Septemba na Oktoba. Epukeni ule wa kitropiki unaouzwa sana madukani, Asclepias curassavica, hasa Texas, kwa sababu palipo na joto haufi majira ya baridi, na vimelea vya ugonjwa wa monaki hujikusanya juu yake. Kama mnao tayari, ukateni hadi chini vuli ikiingia. Na msifyeke magugu ya kando ya uzio kabla hamjageuza majani na kutazama upande wa chini. Yai la monaki ni jeupe, dogo kama kichwa cha pini, na Machi na Aprili huko Texas kila yai ni la kizazi kinachobeba mwaka mzima.